Zita Shirima na Vidudu vya Kipeo Hasi Saba

Kwa miaka ishirini na miwili Zita Shirima alifanya kazi katika kiwanda cha kukoboa kahawa mjini Moshi, na kazi yake ilikuwa chekeche. Kahawa iliyokobolewa ilimwagwa juu, chekeche zikatikiswa, punje kubwa zikabaki na ndogo zikaanguka kwenye chekeche ya chini yake. Kila chekeche ilikuwa na namba: kumi na nane, kumi na saba, kumi na tano. Namba ikiwa kubwa, tundu nalo ni kubwa. Zita aliijua sheria hiyo kama anavyojua njia ya kwenda kisimani. Punje iliyokataa kupita kwenye kumi na nane aliisindikiza kwa macho hadi kwenye gunia kama mama anayemsindikiza binti siku ya harusi.

Kiwanda kilipoleta mashine ya kuchambua kwa umeme, Zita alipewa kanga mbili, cheti na mkono wa kwaheri, akarudi moja kwa moja kijijini Kilema kwa mumewe Wenseslaus, kwenye kihamba chao cha migomba, mikahawa na ng'ombe wawili. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Mwezi wa kwanza alilala hadi jua likamchoma miguu. Mwezi wa pili alifagia uwanja mara tatu kwa siku. Mwezi wa tatu alianza kuchambua maharage ya kupika kwa ukubwa, makubwa sufuria hii, ya kati sufuria ile, na Wenseslaus akaona sasa mambo yanaharibika.

"Mama Hilda," alisema, kwa jina la binti yao wa kwanza mwenye duka kule Himo, "tafuta kitu cha kufanya kabla hujaanza kunichambua na mimi."

Kitu chenyewe kikatangazwa kanisani Jumapili iliyofuata. Mwalimu Pamela, msichana wa miaka ishirini na sita mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alikuwa anaanzisha darasa la watu wazima waliokosa sekondari, siku tatu kwa wiki, saa tisa alasiri, katika chumba cha parokia. Zita alikuwa ameishia darasa la saba. Misa ilipokwisha hakungoja hata kusalimiana na watu. Alikwenda mbele akajiandikisha wa kwanza, huku kitabu cha nyimbo bado kimefunguka mkononi.

"Unakwenda kusomea nini?" aliuliza Wenseslaus. "Upadri?"

"Nikifika nitajua," alisema Zita.

Walikuwa watu kumi na mmoja. Zita alikaa mbele, na nyuma yake akakaa Yoramu, mwoka mikate, mtu mrefu kiasi kwamba alipoingia darasani aliinamia mlango kama anayeomba radhi. Kiswahili kiliwaendea vizuri, historia ikawaendea vizuri, Kiingereza kikawatoa jasho. Kisha, alasiri moja ya mwezi wa nne, ukungu umekaa juu ya migomba, Mwalimu Pamela akaandika ubaoni namba mbili ambazo Zita hakuwahi kuona zinazofanana nazo:

3 × 10⁻⁵
9 × 10⁻⁷

"Wanasayansi wakipima vitu vidogo mno," alieleza Pamela, "hawapendi kuandika sifuri nyingi, maana jicho linapotea. Wanaandika hivi. Ya kwanza tunasoma tatu mara kumi kwa kipeo hasi tano. Ni upana, kwa mita, wa chembe moja ya lile vumbi la ugonjwa wa kutu mnaloliona chini ya majani ya mikahawa yenu. Ya pili ni upana wa bakteria mmoja anayeumiza tumbo. Haya, nani mkubwa?"

Mkono wa Zita ulikuwa juu kabla swali halijaisha. "Bakteria, mwalimu! Tisa na tatu! Hata ng'ombe wangu anajua."

Pamela alicheka bila kumdharau. "Mama, umekosea. Tena hukukosea kidogo. Umekosea mara thelathini na tatu na ushei."

Darasa lilipiga makofi. Zita aliitazama ile tisa, akaitazama tatu, akaona kama ametapeliwa mchana kweupe. Miaka ishirini na miwili namba kubwa ilikuwa kubwa. Leo namba kubwa imekuwa ndogo, na msichana aliyezaliwa yeye akiwa tayari na watoto wawili ndiye anayemwambia.

"Tokeni nje wote," alisema Pamela.

Nje ya chumba cha parokia kuna ngazi za mawe zinazoshuka mpaka barabarani. Pamela alisimama juu kabisa akainua rula ndefu ya mbao. "Hapa ni mita moja. Kila ngazi mnayoshuka, gawanya kwa kumi. Ngazi ya kwanza, sentimita kumi: upana wa kiganja cha Yoramu. Ya pili, sentimita moja: punje ya kahawa. Ya tatu, milimita moja: punje ya ulezi. Ya nne mnaijua?"

"Karatasi!" alisema mtu. "Unene wa karatasi."

"Safi. Chini ya hapo macho yenu yanaanza kuniaga. Kile kipeo hasi ndicho kinachosema umeshuka ngazi ngapi. Hasi tano, umeshuka tano. Hasi saba, umeshuka saba. Namba ya mbele inasema tu una urefu gani ukiwa umesimama kwenye ngazi yako."

Kisha akampa Zita, aliyekuwa mfupi kuliko wote, kipande cha karatasi chenye 3, akamsimamisha ngazi ya tano. Yoramu akapewa 9, akashushwa ngazi ya saba. Yoramu alinyoosha mgongo, akasimama kwa ncha za vidole, akainua na karatasi yake. Haikusaidia kitu. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Zita aliuona utosi wa Yoramu. Una kipara kidogo cha mviringo katikati, kama sahani ya kikombe.

Hapo ndipo kitu kilipofunguka. Zita alianza kucheka taratibu, halafu akashindwa kujizuia, akakaa kwenye jiwe huku karatasi yake ya 3 imefunika uso. "Mrefu namna hiyo!" alisema. "Mrefu namna hiyo, lakini yuko shimoni!" Yoramu naye akacheka, na waliokuwa wanapita barabarani na mizigo ya majani ya ng'ombe wakasimama kuuliza kama kuna harusi.

Tangu siku ile Zita hakutawalika. Alipima kila kilichokaa bila kujitetea. Aliazima karatasi mia tano kwenye ofisi ya parokia, akazipanga, akakuta zina kimo cha sentimita tano. Akagawanya, akapata unene wa karatasi moja, mita 1 × 10⁻⁴, akaenda kumtangazia katibu wa parokia kana kwamba amepewa mjukuu. Alifumua msuko mmoja kichwani, akachomoa unywele, akauzungusha kwenye sindano mara ishirini, mizunguko imegusana, akaweka rula: milimita moja na nusu kasoro kidogo. Kwa hesabu yake, unywele mmoja ulikuwa 7 × 10⁻⁵. Akatoka zizini na unywele wa mkia wa ng'ombe, akauzungusha kwenye msumari, akapata 2 × 10⁻⁴. Aliziweka namba mbili pamoja, saba yake na mbili ya ng'ombe, akaona ni mtego uleule, akatoka mbio kumtafuta mumewe aliyekuwa anapogoa mikahawa.

"Baba Hilda! Kati yangu na ng'ombe, nani mnene?"

Wenseslaus alikuwa na miaka thelathini na moja ya ndoa. Aliweka mkasi chini polepole, akasema anakwenda kuangalia kama maji ya mfongo yamefika, akatokomea migombani na hakuonekana mpaka saa ya kula. Hata chakula chenyewe hakikuwa chakula: kiburu cha ndizi na maharage kilishika moto chini, maana mpishi alikuwa mezani anahesabu ngazi kwa vidole.

Huo mfongo aliokimbilia Wenseslaus ni mfereji wa zamani unaoleta maji kutoka msituni, na ndiyo asili ya mambo yaliyofuata. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa, mfereji ukachafuka, na watoto wa shule ya msingi wakaanza kuharisha mmoja baada ya mwingine. Mkutano wa kitongoji uliamua shule iwekewe chujio la maji. Mwenyekiti, mzee Sylvanus, aliyewahi kuwa karani na hakuwahi kuacha kuvaa koti, aliita kampuni moja ya mjini ije kuonyesha vifaa vyake.

Akaja kijana mmoja, Filbert, shati jeupe, tai nyekundu, viatu vinavyong'aa hadi vilipokutana na tope la Kilema. Wananchi walikuwa wamejaa katika uwanja wa shule. Filbert alisimamisha machujio mawili juu ya meza. La kwanza la bluu, pana na refu kama mtungi wa gesi. La pili jeupe, jembamba, la kuonewa huruma.

"Shikamooni wazazi!"

"Marahaba!"

"Wazazi wangu, sitawachosha. Hili la bluu ndilo simba. Linatoa maji mengi, ndoo inajaa hamjamaliza kusema Baba Yetu. Na usalama wake uko kisayansi." Aligonga kibandiko kwa kidole. "Matundu yake ni nne mara kumi kwa kipeo hasi sita. Bakteria ni tisa mara kumi kwa kipeo hasi saba. Nawauliza wazazi, tisa inapita kwenye nne?"

"Haipiti!" uwanja ulijibu.

"Inapita?"

"Haipiti!"

Mzee Sylvanus aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Nne haiwezi kumeza tisa," alisema, akamgeukia katibu aandike. "Tuchukue la bluu."

Zita alikuwa amekaa kwenye nyasi kati ya kina mama, na kicheko kilimkaba kooni kama kipande cha ndizi. Alijifunika kanga mdomoni. Haikusaidia. Alijua kwamba si jambo la kuchekwa, watoto wanaumwa, lakini alimwona Yoramu kule nyuma, mrefu kuliko wote uwanjani, akamkumbuka amesimama kwa ncha za vidole ngazi ya saba, na kicheko kikapasuka.

"Mama Hilda," alisema mzee Sylvanus, "kuna nini?"

Zita alisimama, machozi yakimtoka. "Nisamehe mwenyekiti. Shikamoo. Wanapita."

"Nani wanapita?"

"Bakteria. Wanapita kwenye hilo la bluu, wanne kwa mpigo, wameshikana mikono kama watoto wanaokwenda kupokea Kipaimara."

Uwanja ulinguruma. Filbert alitabasamu tabasamu la kazini. "Mama yangu, nakuheshimu sana, lakini hii ni sayansi. Tisa ni kubwa kuliko nne."

"Hata mimi nilisema hivyo mwanangu, mbele ya watu kumi, na ng'ombe wangu nikamtaja kama shahidi. Naomba ubao."

Ulikuwepo ubao wa darasa la tatu uliotolewa nje kwa ajili ya matangazo. Zita alipanda barazani, akashika chaki, akawageukia watu. Watu wote wale! Mzee Sylvanus amekunja uso. Wenseslaus, kule pembeni ya ua, amevua kofia bila kujua kwa nini. Zita akaugeukia ubao, akaandika 4 × 10⁻⁶, na chini yake 9 × 10⁻⁷.

"Hasi sita ni ngazi ya sita kwenda chini. Hasi saba ni ya saba. Hawa wawili hawajasimama mahali pamoja, kwa hiyo msiwalinganishe vichwa. Kwanza tuwaweke ngazi moja. Nikiishusha hii nne ngazi moja, kila moja yake inavunjika kuwa kumi. Inakuwa ngapi?"

"Arobaini!" alipaza sauti Yoramu kutoka nyuma.

Zita akaandika 40 × 10⁻⁷. "Sasa tuko ngazi moja. Tundu ni arobaini. Mdudu ni tisa. Jamani, mimi nimetikisa chekeche miaka ishirini na miwili. Tundu la arobaini, punje ya tisa. Inabaki juu?"

Bibi mmoja mbele, aliyekuwa na kibuyu cha maziwa mapajani, akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Inaanguka kama mvua!"

"Na hilo jeupe linasemaje?" aliuliza mzee Sylvanus. Uso ulikuwa umekunjuka kidogo.

Zita aliinama kusoma kibandiko. "Mbili mara kumi kwa kipeo hasi saba. Hawa wako ngazi moja tayari. Tundu mbili, mdudu tisa. Huyo anabaki nje anabisha hodi mpaka achoke."

Filbert alikuwa ameitazama ile arobaini kwa muda. Alilegeza tai. Kisha, na hapa watu wa Kilema walimpenda kijana huyu, akatoa simu, akampigia fundi mkuu wa kampuni yake na kuweka sauti nje ili wote wasikie.

"Fundi, niko Kilema. Lile la bluu linazuia bakteria?"

"La bluu?" sauti ilikoroma. "La bluu ni la tope na mchanga, Filbert! Linatangulia, halafu jeupe linafuata nyuma yake. Usiniambie umekuwa unaliuza peke yake!"

"Hapa Kilema ndipo nilipotaka kuuza la kwanza," alisema Filbert kwa sauti ndogo.

"Mshukuru Mungu. Nani kakushtua?"

"Mama mmoja hapa."

"Mwulize kama anatafuta kazi."

Vigelegele vilipanda hadi kunguru wakaruka kutoka kwenye miti ya migrevilea. Lakini Zita alikuwa bado ameshika chaki. Aliisogelea simu kana kwamba fundi yumo ndani yake. "Shikamoo, baba. Na virusi? Mwalimu wetu alisema wapo wa tatu mara kumi kwa kipeo hasi nane. Hao ni ngazi ya nane. Hilo jeupe nalo wanalipita."

Fundi alikubali palepale. "Ni kweli, mama. Hao chujio hili haliwawezi. Baada ya kuchuja lazima maji yawekewe dawa, au yachemshwe. Filbert, andika hilo."

Filbert aliandika. Alipomaliza akaketi kwenye ngazi ya baraza, tope na suruali yake havina tena ugomvi. "Mama, mimi nilisomea historia," alisema. "Kile kibandiko nilikikariri tu, kama tarehe za vita." Bibi wa maziwa akamjazia kikombe, akanywa chote, akaomba Zita amwonyeshe tena ile arobaini imetoka wapi.

Mzee Sylvanus alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Katibu," alisema, "futa la bluu. Andika la bluu, kisha jeupe, kisha dawa." Akafikiri. "Na mimi binafsi sijasema kitu kuhusu nne na tisa."

"Nilishaandika, mwenyekiti," alisema katibu.

Machujio yalifungwa kabla mwezi wa saba haujaisha, na kipimo cha dawa kikabandikwa ukutani. Mwalimu wa afya wa shule alisema watoto waliokosa masomo kwa sababu ya tumbo walipungua hadi akaacha kuwatengea ukurasa. Kuhusu kazi, Filbert kweli alirudi na ujumbe wa fundi: wanataka mtu wa kuwaeleza wananchi vijijini machujio yanafanyaje kazi, siku mbili kwa wiki. Zita alikubali kwa sharti moja, kwamba zisiwe siku za darasa. Sasa hupanda na kushuka vijiji vya mlimani, na kila mahali hutafuta ngazi, au kilima chenye matuta, na mtu mrefu wa kusimamisha chini.

Mwezi wa tisa Mwalimu Pamela aliwaombea nafasi darasa zima kwenda kwenye maabara ya chuo kimoja mjini Moshi, kuona kwa macho vitu walivyovijua kwa namba tu. Wenseslaus alisema yeye anakwenda mjini kwa shughuli zake, kisha akawafuata hadi mlangoni mwa maabara bila kutaja shughuli yoyote. Mtaalamu wa pale, dada mmoja mpole anayeitwa Magdalena, alidondosha tone la maji ya mfongo ambayo hayajachujwa kwenye kioo, akaliweka chini ya hadubini, akarekebisha, akamwita Zita.

Zita aliinama. Mwanzoni aliona mwanga tu, na kope zake mwenyewe. Halafu wakatokea. Vijiti vidogo, vifupi, vinatetemeka, vinajigeuza, kimoja kinakatiza kwa haraka kama aliyechelewa soko. Ngazi ya sita, ngazi ya saba, pale pale, wazima, wala hawajui kama wanatazamwa.

"Shikamooni," alisema Zita kabla hajajizuia.

Chumba kizima kikaangua kicheko, na Magdalena akalazimika kushika meza. Zita hakuinua kichwa. Alicheka, kioo kikapata ukungu wa pumzi zake, akakipangusa kwa pindo la kanga, Magdalena akapiga kelele kwamba si kwa kanga, akampa kitambaa laini. "Ni wao," alikuwa anasema. "Ni wao kabisa. Wanakwenda wapi na haraka hii? Yoramu, njoo uone jirani zako! Hapana, subiri. Subiri kidogo."

Alisubirisha watu dakika sita. Pamela alipomgusa bega akatoka, mashavu yamelowa machozi, akakumbatiana na Magdalena, waliyefahamiana naye kwa nusu saa tu. Aliyepaswa kufuata ni Yoramu, lakini Wenseslaus, ambaye hakuwa hata mwanafunzi, alikuwa ameshakalia kiti. Alivua kofia, akafumba jicho moja, akainamia hadubini asiinuke.

"Baba Hilda," alisema Zita, "watu wako kwenye foleni."

"Nawaona," alisema Wenseslaus bila kuinuka. "Lakini kuna huyu mmoja amegoma. Wenzake wote wamekwenda kulia, yeye anazunguka tu. Ngojeni kwanza nione mwisho wake."